Rasta Haishushi Jicho

Picha ya ubongo wa mdogo wangu inaning'inia kwenye dirisha la saluni yangu huku Rhonda, Nakuru, mahali ambapo wasusi wengine hubandika mabango ya mitindo ya nywele. Jua la asubuhi likiipiga kwa nyuma, unaiona vizuri hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Wateja wageni huniuliza hiyo ni nini. Nawajibu kwamba ni ushahidi. Wengine hucheka, na kuna mmoja aliyeinuka akaondoka nikiwa nimeshamwosha kichwa. Aende. Mwenye ubongo ndiye aliyeniruhusu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeleta utepe wa kuibandikia.

Niliitundika kwa sababu mtaa huu ulisema mimi ndiye niliyempasua mdogo wangu kichwa. Eti nilimsuka, nikamkaza, mpaka mshipa ukakatika. Walisema kwenye vibanda vya mboga, walisema nje ya kanisa, na walisema mbele yangu kwa ile njia ya kumwambia mwenzako jambo ili wa tatu asikie. "Ukienda kwa huyo, mwambie asikukaze." Mimi nimesuka vichwa tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na sasa nina arobaini na tatu. Sikubali. Nitaeleza kwa nini sikubali, ingawa nikieleza itabidi niseme pia nilipokosea. Kosa nililifanya kweli, ila si lile wanalolisema.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwisho wa likizo. Mdogo wangu anafundisha chekechea, na kila muhula ukikaribia kuanza huja kwangu kusukwa rasta ndogondogo zitakazomfikisha katikati ya muhula bila kushughulika na nywele. Ana miaka thelathini na tano, watoto wawili, na mdomo usiopumzika. Nilikuwa nimemaliza kisogo na upande wa kulia, nimefika juu ya sikio la kushoto. Alikuwa akinisimulia habari za mzazi mmoja anayemfungia mtoto viazi vya jana kila siku, na mtoto amejifunza kuvibadilisha na vya mwenzake. Akanyamaza katikati ya sentensi. Kwake yeye hilo peke yake lilitosha kunishtua.

"Sista," akasema. "Kichwa."

Nikamjibu vile ninavyowajibu wote, bila kusimamisha vidole. "Vumilia kidogo. Itazoea."

Asiyeingia saluni huenda asielewe. Rasta mpya huuma. Unatoka kwenye kiti ngozi ya paji imevutika mpaka huwezi kukunja uso, unameza dawa mbili za maumivu, unalalia tumbo, na keshokutwa yake umeshasahau. Kila mwanamke wa hapa analijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo neno "vumilia" kwangu lilikuwa chombo cha kazi, sawa na kitana. Nililitamka labda mara ishirini kwa siku na sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwangu.

Akashika mikono ya kiti kwa nguvu. "Si hiyo. Ni huku ndani, kwa nyuma. Kitu kimepasuka pwaa!" Kisha akatapika kwenye beseni la taulo.

Na mimi nikasema, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu, "Woi, pole. Nimekukaza." Ni mimi niliyeyasema maneno hayo, hakuna aliyenisingizia. Kabla ya chakula cha mchana yalikuwa yamefika mpaka mtaa jirani wa Kaptembwo.

Nikaanza kufumua. Nilifumua rasta moja moja kwa muda wa saa mbili, yeye akiwa ameniegemezea kichwa tumboni, macho ameyafumba, akiniomba nifunge pazia kwa sababu mwanga ulikuwa unamchoma. Nilidhani namsaidia. Nywele zilizobaki nilizisokota mafungu manne na kuyabana kwa pini, ili apate kupumzika. Katika saa hizo mbili tungekuwa tumeshafika hospitali na kurudi. Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema mwenyewe bila kusubiri kuambiwa.

Jioni ile ile nilimpeleka kwenye zahanati moja ya mtaani. Mhudumu aliyetupokea alimwangalia kutoka ng'ambo ya meza, akaona nywele zilizosokotwa ovyo, akacheka kwa upole tu. "Madam, urembo umekulemea. Nani alikukaza hivi?"

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Akaandika dawa za maumivu, akasema alale, na Jumatatu kama bado, arudi. Hakuuliza maumivu yalianza vipi. Nami sikumwambia, maana aibu ilikuwa imenifunga mdomo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajihukumu.

Jumapili asubuhi nilikwenda kumwona. Wanakaa ploti mbili kutoka kwangu, yeye, watoto, mumewe na mama mkwe wake. Mumewe anachimba udongo mweupe kule Kariandusi na hurudi wikendi, kope na masikio yakiwa meupe hata baada ya kuoga. Mama mkwe alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda karibu na majivu yaliyokuwa bado na joto. Jana yake alikuwa ametuma watu wachukue nywele zote nilizofumua. Nywele za mtu haziachwi zikizagaa, hilo hata mimi nalishika. Lakini safari hii alizichoma kwa maombi, na aliponisalimu hakunipa mkono.

Sitaki kumsema vibaya zaidi ya haki. Yule mama alikuwa amekesha na kitambaa cha maji akimpangusa mkaza mwanawe uso. Anampenda. Ila alishajua tayari kilichomuuma, na mtu akishajua hivyo humwambii kitu.

"Wamama wa kanisa wanakuja wakitoka ibada," akaniambia. "Watamwekea mikono."

Nikaingia. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Nilimwambia mdogo wangu ainue kichwa anywe maji, shingo ikakataa kukunjika, imekaza kama ubao. Nikalisogeza blanketi kidogo nimwone uso.

Mimi kazi yangu ni kuangalia nyuso kwenye kioo siku nzima. Nyusi moja ikiwa juu kuliko nyingine naiona kabla mwenyewe hajaketi. Nilichokiona pale ni hiki: kope ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka, imelifunika jicho karibu lote, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Nikaiinua kwa kidole gumba. Mboni ilikuwa pana kupita kiasi, na jicho lenyewe limegeukia nje, halinitazami.

"Mama!" nikaita. "Hili jicho limeanza lini?"

Akaja akasimama mlangoni. "Tangu alfajiri. Si ni huo upande ulikuwa unavuta? Ngozi imechoka."

Namshukuru Mungu, kwa sababu hapo ndipo aibu yangu ilipoisha. Nilikuwa nimetembea na hatia usiku kucha, na sasa mtu ananielezea kazi yangu, na ananielezea vibaya.

"Mama," nikamwambia, "rasta ikikazwa inainua jicho. Inainua nyusi, inainua kope, mtu anakaa kama ameshtuliwa. Miaka ishirini na mitatu sijawahi ona rasta imeshusha jicho. Hata moja. Na hizi nilishazifumua jana, wewe mwenyewe umezichoma hapo nje. Sasa ni nini kinamvuta?"

"Ngoja wamama wafike."

"Watatupata hospitali."

"Kwa hii nyumba wewe si wa kuamua."

Hapo alisema kweli. Kwao mimi ni dada wa mke, na dada wa mke huja kusalimia na kuosha vyombo. Nikamgeukia shemeji yangu. Alikuwa amesimama ukumbini na kikombe cha chai, amevaa shati la kwenda kanisani, na uso wa mtu anayetamani aulizwe swali jingine lolote.

"Shem, wewe ndio bwana yake," nikamwambia. "Niangalie vizuri. Kama nimekosea, hiyo saluni nafunga na hivyo viti utabeba wewe mwenyewe. Lakini huyu akikaa hapa mpaka jioni, mimi na wewe tutamzika. Sema."

Alikitazama kikombe. Kisha akakiweka chini, polepole, akasema, "Mama, tunaenda." Ni mtu wa maneno machache, na hayo mawili nitamlipia maisha yangu yote kwa kumsuka mkewe bure.

Jirani mwenye gari alitupeleka. Tulipanda upande wa Milimani, kwenye barabara zake tulivu zenye miti na mageti marefu, mdogo wangu amelala mapajani mwangu nimemfunika macho kwa leso. Pale hospitali, dada wa mapokezi aliuliza tatizo ni nini, na shemeji yangu, maskini, akajibu kwa ile hadithi aliyoizoea: "Alisukwa nywele."

"Hapana!" Nilipiga meza mpaka kalamu zikaruka. "Usiandike hivyo. Andika: jana saa tano asubuhi, kichwa kilimpasuka ghafla, mara moja, akiwa anaongea. Ametapika. Mwanga unamuumiza. Shingo haikunji. Jicho la kushoto limeshuka leo alfajiri. Andika yote, mimi nangoja."

Aliandika. Daktari wa zamu alikuwa msichana mdogo, mwenyewe amesukwa rasta zilizobanwa kisogoni, na nikaziangalia, siwezi kujizuia, zilikuwa za mkono mzuri. Alimmulika mdogo wangu jicho moja, halafu la pili, halafu akarudi kwa la kwanza. Akaniuliza ni nani aliyeliona jicho hilo.

"Ni mimi. Mimi ni msusi wake."

Nilingoja acheke. Hakucheka. "Umeona vizuri," akasema. "Twende skani saa hii hii."

Mashine ya skani, kwa asiyeiona, ni duara kubwa lenye tundu katikati, na kitanda kinachoteleza kuingia humo. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye miwani. Aliniambia, "Mathe, toa kila kitu cha chuma kichwani mwake. Herini, pini, kila kitu." Nikatoa. Nilizikusanya pini kiganjani nikatoka nje ya mlango mzito, nikasimama naye nyuma ya kioo kinene, kwa sababu nilikataa kwenda kukaa kwenye benchi, naye alichoka kubishana.

Picha ya kwanza ilipotokea ilikuwa imeharibika. Kulikuwa na nukta moja ya mng'ao mkali, na kutoka hapo miali imetawanyika pande zote, imefunika kila kitu. Kijana akapiga ulimi. "Kuna chuma imebaki. Huko nyuma chini."

Nikakimbia. Nilipapasa kisogo chake, na pale karibu na shingo, ndani ya fungu la nne, vidole vyangu vikaikuta. Pini yangu. Nilikuwa nimeibana mwenyewe Jumamosi wakati nikimwomba msamaha. Kitu chembamba namna ile, na kilitosha kuficha ubongo mzima wa mtu. Nikaitia mdomoni kama nifanyavyo nikiwa kazini, nikarudi nyuma ya kioo, na wakarudia.

Safari hii ilikuja safi, kipande baada ya kipande, kama mtu anayekata mkate kuanzia chini kwenda juu. Sikujua ninachokitazama. Nilimtazama kijana, na nikaona jinsi alivyoacha kubonyeza vitufe na kumwita daktari bila kugeuka. Daktari akaja. Shemeji naye akaitwa, na yule msichana akatuonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hapa chini ya ubongo kuna nafasi za maji," alisema. "Kwa picha, maji huwa nyeusi. Mngeona kama nyota nyeusi hapa katikati. Yake ni nyeupe."

Ilikuwa nyeupe kweli. Nyota yenye miguu mitano au sita, imetandaza miguu yake kwenye kila ufa wa kichwa cha mdogo wangu. Shemeji aliinama karibu na skrini. Akasema taratibu, kana kwamba anazungumza na mtu wa kazini, "Nyeupe kama udongo wa kwetu." Halafu akauliza, "Hiyo ni nini?"

"Ni damu. Imemwagika juu ya ubongo."

Nikatoa pini mdomoni. Swali nilikuwa nalo tangu jana na sasa nilitaka lijibiwe mbele ya mashahidi. "Daktari, hii inaweza kuletwa na kusukwa?"

Alinitazama, na nadhani alielewa nilichokuwa nimebeba. "Hapana. Rasta inashika ngozi. Chini ya ngozi kuna mfupa, chini ya mfupa kuna ubongo, na hii imetoka chini ya ubongo. Hata ungemning'iniza kwa hizo nywele, hungefika huku."

"Rudia tafadhali. Shemeji asikie."

Akarudia, neno kwa neno. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Nikaketi kwenye kiti cha mpiga picha bila ruhusa.

Walimrudisha ndani, safari hii wakimtia kwenye mshipa wa mkono dawa inayofanya njia za damu zing'ae. Ndipo wakakiona chenyewe. Mshipa mmoja nyuma ya jicho la kushoto ulikuwa na mahali ambapo ukuta wake umelegea na kufura, kipuputo kisichozidi punje ya dengu. Kilikuwa kimepasuka, kikavuja, kikajiziba. Na kilikuwa kimeegemea ule mshipa wa fahamu unaoinua kope. Ndiyo maana jicho likashuka. Daktari alisema kilichojiziba kinaweza kupasuka tena saa yoyote, na wengi hawaponi kupasuka kwa pili. Hapa Nakuru siku hiyo hapakuwa na wa kumfungua kichwa. Ilibidi tufike Nairobi kabla ya kile kipuputo kubadili nia.

Picha zilitiwa kwenye bahasha kubwa, na bahasha nilipewa mimi. Niliikumbatia njia nzima ndani ya ambulensi. Tulipoipita njia ya kuingilia Kariandusi shemeji alikuwa ameshika mguu wa mkewe juu ya shuka na hakuinua macho. Kila gari liliporuka tuta niliutazama uso wa mdogo wangu kuona kama bado yumo. Nilikuwa naogopa sana. Hasira inanisaidia kusimama, lakini siku hiyo chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu, na sioni haya kuuandika.

Jumatatu asubuhi daktari wa upasuaji alizitazama picha kwenye mwanga, akamchora mdogo wangu mstari wa kalamu kuanzia mbele ya sikio mpaka kwenye paji. Nesi akaja na mashine ya kunyolea.

"Hiyo ni kazi yangu," nikamwambia.

"Mama, hapa tuna utaratibu."

"Hata mimi nina utaratibu. Hiki kichwa nimekisuka tangu akiwa na miaka kumi na moja, mama yetu alipokuwa hawezi tena kuinua mikono. Kama kitanyolewa, ni mimi nitanyoa. Nionyeshe tu mwisho wa mstari."

Sijui ni sauti yangu au ni uchovu wake. Alinipa glavu na dakika ishirini. Simu yangu ilikuwa ikilia mfukoni, ni mama mkwe, na nilijua anachotaka kusema, kwa sababu alikuwa ameshamwambia mwanawe: mkono wa huyo usimguse tena mkeo. Nikaizima. Nikanyoa pale palipochorwa, si zaidi. Nusu iliyobaki nikaisuka laini bapa zilizolala kichwani, nyororo, zisizomvuta, ili zisimsumbue daktari. Mdogo wangu alikuwa kati ya kulala na kuamka. Bila kufumbua macho akasema, "Leo huwezi kunikaza."

Nilicheka, na machozi yakadondoka kwenye kichwa chake kilichonyolewa, na nesi akanipangusia kwa pamba yake.

Walimfungua karibu siku nzima. Daktari alipotoka alisema wamekibana kile kipuputo kwenye shingo yake, pale kinapoungana na mshipa, kwa kibanio kidogo cha chuma, na kitakaa humo milele. Nikamuuliza mara mbili. Yaani wametumia pini? Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, ni kama pini. Nilimpenda yule mwanamume kwa jibu hilo.

Haikuwa hadithi ya kuamka na kuimba. Alikaa huko wiki nyingi. Kuna siku aliita kijiko "mlango" na akalia kwa hasira tulipomwelewa vibaya. Alijifunza upya majina ya watoto wa darasa lake, akiyaandika kwenye kikaratasi. Jicho lilichukua miezi kufunguka. Na tulipomrudisha nyumbani, mama mkwe aliweka sheria: kichwa kile hakitasukwa tena. Alimnunulia vilemba, vizuri, vya rangi zote, na akamfunga mwenyewe kila asubuhi. Mdogo wangu hakuwa na nguvu za kubishana. Mimi nilikuwa nazo, lakini kichwa hakikuwa changu.

Mtaa nao uliendelea na wake. Wateja walipungua. Mmoja aliniuliza kwa tabasamu kama sasa nasuka kwa bima. Hiyo ndiyo siku niliyomwomba mdogo wangu ile bahasha. Sasa ukija kuniambia habari ya mkono wangu, nakusimamisha dirishani, nakuonyesha nyota nyeupe, na nakuuliza unionyeshe mahali rasta ilipopita kwenye mfupa. Hakuna aliyenionyesha bado. Na lile neno "vumilia" sijalitamka tena saluni. Mteja akisema kichwa, nasimamisha vidole, nakuja mbele, namwangalia macho, nauliza ilianza vipi. Wengine wanaona ni maringo. Acha waone.

Agosti ilirudi. Siku moja ya katikati ya wiki, nikiwa peke yangu, mlango ukafunguka akaingia mdogo wangu na pakiti nne za rasta kwapani. Daktari alikuwa amemwambia zamani kwamba nywele hazina neno na kile kilichomo ndani. Akaketi kwenye kiti kile kile. Akafungua kilemba mwenyewe, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya mapaja.

"Mama anajua?" nikauliza.

"Nimemwambia. Ameniombea halafu akanuna."

Nywele zilikuwa zimeota upya. Chini yake kovu lilipita kama mpaka wa shamba, kuanzia sikioni. Nilianzia kisogoni, mbali nalo. Nilisuka kwa vidole vya mtu anayeshika mayai. Alinistahimili rasta tatu, nne, kisha akanitazama kwenye kioo.

"Sista, hizi zitaanguka kabla nifike kwa geti."

"Nakwenda polepole."

"Unaogopa." Akasogeza kichwa nyuma, akanipa upande wa kushoto, kovu na yote. "Kaza."

Nikagawa nywele kando ya kovu. Nikashika, nikavuta vile ninavyovuta, vile nilivyofundishwa, mpaka ngozi ikainuka.

"Aii!" akasema.

Vidole vikaganda. Nikazunguka kiti nikasimama mbele yake. Nikamwinua kidevu, nikamgeuzia dirishani penye mwanga, pale pale chini ya picha yake. "Imeanza vipi? Ni ndani?"

"Ni ngozi, sista. Ni ngozi tu. Endelea."

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nikiyatazama macho yake. La kulia lilikuwa juu. Na la kushoto, lile lililochelewa kwa miezi, lilikuwa limeinuka nalo, nyusi na kope, limenikodolea kama limeshtuliwa.

Nikarudi nyuma ya kiti, nikakaza.